Mtafute Baba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tangu Jumapili ile kuna sauti moja isiyotaka kuniondoka masikioni: mlio wa viatu vya mtoto, vile vyenye filimbi kisiginoni, vinavyolia pii, pii kila anapokanyaga. Naisikia nikipiga mswaki, naisikia kazini katikati ya makabati ya vitabu. Nimeona nikusalimu mapema kabla haijanipotezea adabu. Hujambo? Mgongo umepungua? Na baba, bado anakataa miwani na kusingizia kwamba magazeti ya siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu? Mimi mwili ni mzima.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza imekuwaje mchumba wangu amelazwa hospitali wiki nzima na mimi nimekwenda kumwona mara moja tu. Unasema wifi alikupigia simu akilia, akakueleza kwamba watu wasio na akili walimpiga kaka yake kwenye bustani ya wanyama wakimdhania mwizi wa watoto, nami nikakimbia na mtoto kwa hofu. Umeniandikia kwamba mwanamume kama yule hata ukimtafuta kwa kurunzi humpati. Mama, nakuomba uketi kabla hujaendelea kusoma. Wifi amekusimulia anachokijua. Anayejua mengine taya lake limefungwa waya, hawezi kusema, nami nataka uyasikie kwangu kabla hajafunguliwa.

Unakumbuka nilivyompata. Daktari wa meno, mgane, aliyekuwa akimleta binti yake kwenye saa ya hadithi maktabani kwetu. Mtoto ana miaka mitano na tunamwita Kidoti, kwa ajili ya doa jeusi lililo shavuni. Mji wetu si mkubwa wala si mdogo. Siku ya mapumziko, popote utakapompeleka mtoto, utakutana na watu wale wale, na wote walikuwa wakimsifu. Kina mama walinigusa bega wakisema, angalia baba huyo, wenzake hata darasa la watoto wao hawalijui. Nami nilijiona nimeokota dhahabu.

Kila Jumapili tulitoka: yeye na mama yake na dada yake, Kidoti na mimi. Tulikwenda bwawa la kuogelea, makumbusho, treni ya watoto inayozunguka bustani ya manispaa, ghorofa ya michezo juu ya duka kubwa. Ilikuwa mara ya pili tu tulipofika katikati ya watu, akaniminya mkono na kunivuta nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Mama yake na dada yake walikwisha jificha hapo, wamejiziba midomo kama watoto wa shule. Kidoti alikuwa ametangulia kidogo, akizungumza na baba ambaye hayupo. Viatu vikalia, vikalia, kisha vikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto wa umri ule bado alinunuliwa viatu vya mtoto anayejifunza kutembea. Baba yake alitaka kusikia pale anapogundua.

Mchezo waliuita Mtafute Baba. Kila mtu alikisia Kidoti atalia wapi: akifika kwenye bembea, akikutana na mbwa, akiulizwa jambo na mtu mzima. Aliyekosea alinunua aiskrimu. Wifi alikuwa mtangazaji, akinong'ona kama anatangaza mpira: "Anageuka... mdomo unatetemeka... bado, bado... haya, bomba limepasuka!" Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilipouliza kama haikutosha, wifi alinitania kwamba sisi wasomi hulia hata kwenye vitabu vya picha. Mchumba wangu hakutania. Alinieleza, kwa sauti ile ile anayowaambia wagonjwa kwamba hawatasikia maumivu, kwamba mtoto aliyefiwa na mama ni lazima ajue mapema kuwa hakuna anayekuja. Kisha alitoka mafichoni, akamwinua, akambusu machozi, na kina mama waliokuwa karibu wakamtazama kwa kutamani.

Na mimi nilibaki, Mama. Kila Jumapili nilijiambia kwamba nikishaolewa nitaukomesha. Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba nyumba hurekebishwa na aliye ndani.

Halafu Kidoti akaacha kulia. Tulikuwa makumbusho, chini ya mifupa ya nyangumi. Alisimama wima, mikono ubavuni, akitazama mbele. Wakangoja. Wifi alilalamika kwamba mchezo umepooza. Kisha maji yakaanza kutiririka miguuni pa mtoto mpaka yakafanya dimbwi kati ya viatu vile, na wifi akapiga picha. Jioni hiyo nilimkuta Kidoti chumbani amemsimamisha mwanasesere wake ukutani, akimwambia bila hasira yoyote: "Nimekutupa. Usigeuke. Ukigeuka wanacheka."

Jumapili ya mwisho bustani ya wanyama ilifurika, maana shule zilikuwa zimefungwa. Mbele ya kizimba cha nyani baba mtu akauachia mkono wa Kidoti. Tulijificha nyuma ya kibanda cha tiketi, akampa wifi simu yake arekodi, kwa kuwa ya wifi ilikuwa imejaa picha. Kidoti hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha matangazo, akabisha hodi kama mtu aliyetumwa. Punde spika zote za bustani zikatangaza kwamba yuko mtoto wa kike, gauni la njano, doa shavuni, na kwamba anasema hana mtu.

Mchumba wangu alicheka sana. Alinichukua mimi tukamfuate, mama na dada yake wakabaki kutazama. Mlangoni, mama wa matangazo alichuchumaa akamuuliza Kidoti kama huyu ndiye baba yake. Kidoti alimtazama tangu viatuni hadi nyweleni, akajibu kwamba hamjui. Baba akasema, "We Kidoti, acha utani wako." Akarudia kwamba hamjui. Mama wa matangazo akasimama kati yao, akauliza kama ana picha yoyote ya mtoto. Picha zilikuwa kwenye simu, na simu alikuwa nayo wifi. Mlinzi akaja. Mchumba wangu akamkamata mtoto mkono kwa nguvu, na Kidoti, ambaye alikwisha sahau kulia, alipiga ukelele uliowageuza watu hadi kwenye vizimba vya mbali. Mmoja akasema wezi wa watoto siku hizi wanavaa saa nzuri. Mwingine akadakia, "Mpekueni mifuko, hamkosi pipi humo!"

Mchumba wangu akanigeukia. Tabasamu lilikuwa halijamwisha usoni. "Waambie basi," akasema. Mama wa matangazo ananifahamu, wanawe huja kwangu kusoma. Akaniuliza kwa heshima kama ninamjua huyu bwana.

Nilisema simjui.

Sikubabaika, Mama, wala ulimi haukuteleza. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuchagua, nikachagua. Kidoti alipoulizwa kama mimi ananijua, alisema huyu ni wa maktaba, akanipa mkono. Niliwaambia ninapafahamu kwa bibi yake mzaa mama na nitamfikisha, wakatuachia. Nyuma yangu nilisikia kofi la kwanza. Sikugeuka.

Yaliyofuata niliyaona baadaye kwenye video, wifi mwenyewe akinionyesha huku analia. Maneno yangu hayasikiki, simu ilikuwa mbali. Kinachosikika ni kicheko chao. Mama mkwe anamsifu mlinzi kwamba anaigiza vizuri, na bado wanacheka mwanawe anapoanguka. Walipofika wakipiga kelele kwamba ni baba mtu, walijibiwa kwamba siku hizi wezi hutembea na bibi wa kukodi. Taya limevunjika, na meno ya mbele, aliyokuwa akiwaonyesha wagonjwa wake kama mfano, hayapo.

Nikaenda hospitali. Mama mkwe alinikumbatia, akanishukuru kwa kumtoa mjukuu wake kwenye fujo, akasema Kidoti akae huko kwa bibi yake mpaka mambo yatulie, akatoka kutafuta chai. Tukabaki wawili, mimi na mchumba wangu. Macho yake yalinishika tangu mlangoni, kwani yeye alinisikia. Mkono wake ukautafuta wangu juu ya shuka, sijui kwa kunilaumu au kwa kuniomba. Nilimpa. Kisha nikauachia, nikaingia nyuma ya pazia la kitanda cha pili, kilichokuwa kitupu, nikachungulia. Kuita hawezi. Shingo haigeuki. Mkono ulipapasa shuka, ukapapasa, ukatulia, na machozi yakaanza kumtiririka kuelekea masikioni. Mama, lililo zito kuliko lile neno la mlangoni ni hili: nilikuwa nimekisia. Nilikisia kwamba atalia kabla mama yake hajarudi na chai, na nilipopatia nilisikia utamu. Nilikuwa nimejiziba mdomo.

Msalimie baba, na umsomee barua hii polepole, asiruke mahali. Wasalimie dada zangu. Walionunua vitambaa vya harusi wavishone tu, hawatakosa pa kuvivalia. Wifi akipiga tena, usimkemee wala usimfariji.

Jana nilikwenda polisi nikaeleza yote, mchezo na neno langu, nikasaini, nikawaambia na simu yenye video anayo nani. Wamenitaka nirudi nitakapoitwa. Kutoka hapo nilikwenda kwa bibi yake Kidoti. Mtoto alikuwa ndani, nilimsikia akiimba, sikuomba kumwona. Nilisimama nje ya geti nikamweleza yule mama kwamba akija baba mtu asimfungulie mpaka wenye mamlaka waamue, na nikija mimi asinifungulie kamwe. Alifunga geti, akatia komeo.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba