Mwendo wa Mama

Handeni, upande wa Kwedizinga
Oktoba 1974

Kwa kaka yangu Mhina,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaamka salama huko Korogwe, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekupa nafasi. Sisi huku tunapumua. Njaa ipo, ila unga wa njano wa msaada unaletwa, na siku hizi tunaula bila kuusema vibaya.

Kilichonikalisha kuandika ni miguu ya Mama. Usicheke. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya, shamba la ushirika liko mbali, na kina mama tunakwenda pamoja kwa kijia kimoja chembamba. Mama ndiye mkubwa wetu, kwa hiyo anatangulia, na unajua tulivyolelewa: hakuna wa kumpita mzazi njiani. Basi msafara wote unafuata mwendo wake. Tunafika jua limeshapanda. Juma lililopita mwenyekiti wa kijiji alifoka, akasema wanaochelewa watapunguziwa unga. Wenzangu walinitazama vibaya, nami nikawatazama vibaya zaidi.

Nilimpeleka zahanati. Mganga alimgeuza mguu huku na huku, akamtembeza uani, kisha akanieleza kwamba huo si ugonjwa, ni umri. Misuli ya nyuma ya mguu imeishiwa nguvu na kifundo kimekakamaa, ndiyo maana kisigino hakinyanyuki kama zamani na unyayo unatua wote kwa pamoja. Akienda taratibu, alisema, anaweza kutembea hata kutwa. Akiharakishwa, vidole vitakwaruza chini na ataanguka. Mama alikasirika, akasema miguu hiyo ndiyo iliyokubeba mpaka Sindeni ulipougua surua.

Mwenyekiti alipopata habari, aliamuru Mama awe anakaa nyuma ya wote. Kaka, nililia kwa hasira. Siku hiyo hiyo Mama alijitahidi kutufikia, kifundo kikateguka, na sasa kimevimba kama kiazi. Nilikusudia kukuomba uje umchukue akae kwako mpaka mvua zinyeshe.

Hapo juu niliacha kalamu nikampelekee uji. Hakuwemo ndani.

Nimerudi sasa, jua limepinduka, naandika haraka, nivumilie mwandiko. Chausiku, jirani yetu, alikutana naye asubuhi kisimani. Mama alimwambia anakwenda Korogwe kwa mwanawe, ili wenzake wapate unga wao kamili, akamsihi asinieleze mapema. Ameshika njia ya porini, si barabara, na ana kibuyu kimoja tu cha maji.

Nilimkimbilia. Nilimwona ng'ambo ya korongo, anachechemea. Nikamwita. Aligeuka, akaniona, na Mhina, Mama alianza kukimbia. Alianguka. Akainuka, akakimbia tena, mguu ule unaburuzika vumbini. Nilipiga kelele kwamba simrudishi, lakini hakunisikia, au hakuniamini. Nilipopiga hatua, aliongeza mwendo. Niliposimama, naye akapunguza, akawa anatembea kama tulivyozoea kumwona. Basi nilisimama. Nilisimama pale mpaka vichaka vikamficha, kisha nikarudi nyumbani peke yangu.

Mwenyekiti anataka kutuma vijana wamrudishe. Nimemwambia akithubutu atanitambua. Wakimtokea kwa nyuma atakimbia mpaka mguu uvunjike, na huko hakuna maji wala mtu.

Barua hii anakuletea Salimu, anayerudi huko kwenu na lori la unga jioni hii. Itafika kabla ya Mama. Acha kazi, acha kila kitu. Chukua maji na watu wawili wa kumbeba, mshike njia ya porini kuja huku, mje kwa mbele yake. Akikuona wewe hatakimbia.

Wasalimie wifi na watoto. Nisamehe kwa kukupa habari hii kwa karatasi. Mimi nimekaa mlangoni, miguu yangu mizima, na siwezi kwenda kwa mama yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Hajira