Hatua Kumi na Moja Mbele ya Mzee Farah

Garissa, Alhamisi, 1966

Kumi na moja tu. Miaka minne nimejiita bingwa wa sataranji wa makarani wote hapa, na leo Mzee Farah, muuza mbuzi aliyejifunza mchezo huu akiwa baharia huko Aden, amenimaliza kwa hatua kumi na moja huku akitafuna mswaki.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Alikuja ofisini kuomba kibali cha kwenda Balambala kwa dada yake mgonjwa mahututi. Niliogopa kukiandika, maana njia ina shifta, wale waasi wenye bunduki, na mkuu wangu hataki kusikia neno kibali. Nikamwambia kwa kejeli, "Nifunge kabla ya hatua ishirini, utakipata."

Akakaa. Malkia wangu hakufika hata katikati ya ubao.

"Bole, karani," akasema, ulimi wake wa Kisomali ukikataa kutamka "pole". "Mfalme wako amekwisha. Sasa andika."

Nikaandika. Mkuu akiuliza, nitasema nini? Na mzee akikutana na askari kabla ya shifta, au shifta kabla ya...

Kufungwa ubaoni nitakuzoea. Kinachonikera ni kwamba mtu alikuwa na dada mahututi, nami nikamkalisha kwanza acheze.