Bibi Alikuchukua Wewe

Munje

Dadangu Maimuna,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mihogo imestawi. Hitima ya kaka yetu Abubakar ilisomwa Ijumaa, na watu walijaa mpaka uani.

Kwenye simu ulisema, "Huyo alizaliwa mkatili, na ugomvi wake mwenyewe ndio uliomuua." Dada, wewe hukumjua. Ulipewa jina la bibi, basi bibi akakuchukua kwake kisiwani Funzi ukiwa mdogo. Sisi tulibaki na baba. Abu alikuwa akinifunika kwa mwili wake ili fimbo impate yeye, kisha ananisimulia hadithi za sungura huku analia. Wakati huo wewe ulikuwa unasukwa nywele. Nimekuonea wivu maisha yangu yote, na hata sasa ninapoandika ninao.

Warda, bintiye Abu, ninaye mimi tangu mamake alipokimbia kipigo. Ana miaka minne. Jana nilimkuta akimpiga mwanambuzi kwa mwiko. Nikamuuliza, "Mwanangu, amekukosea nini?"

Akanijibu, "Bado. Namtia adabu kabla hajakosa."

Ndivyo baba alivyokuwa akituambia, na ndivyo Abu alivyomwambia mkewe.

Wewe unaishi nyumba ya bibi na hujapata kumwinulia mtoto mkono. Njoo umchukue. Nitamwonea wivu kama nilivyokuonea wewe, lakini nguo zake nimeshazikunja.

Nduguyo akupendaye,
Esha