Aliyekunong'onezea Ubeti wa Pili

Chumba cha juu,
Nyuma ya hospitali.
Siku mbili baada ya sikukuu ya taifa.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikukute umeketi vizuri, maana najua kiti chako ni kizuri. Hujambo? Wifi hajambo? Wanangu wanaendeleaje na shule? Na paa la nyumba, bado linavuja upande wa jikoni? Nauliza kwa sababu Kaka Mkubwa aliyeijenga huniuliza, nami sina la kumjibu. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa mfua mashuka ukiacha kuuma ujue mwenyewe amekufa.

Picha zako za sikukuu nimeziona. Umependeza, sikufichi. Suti imekukaa, kitambi kimetangulia, na mkono umeuweka kifuani kama mtu aliyeguswa kwelikweli.

Nasi huku tulisherehekea. Tulipewa ukumbi wa chini wa hospitali, wakaja wote: dereva wa gari la wagonjwa, mpishi, muuguzi wa watoto, na mwenyekiti wa umoja wetu na tai yake ndefu. Kwa maneno, hao wote ni watu wa nyumbani. Kwa karatasi, kila mmoja ameshaapa kuwa raia wa nchi hii, nami nimo.

Kaka Mkubwa peke yake hakuapa. Ndiyo maana pale kwenye chumba cha kufulia mashuka, ninakofanya kazi naye, wanamwita Mzalendo, nusu heshima, nusu kejeli. Tulipomsihi achukue uraia wa huku apumzike, alisema atazikwa na pasipoti ya kwao. Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, huipiga pasi bendera yetu kwa mashine ya mashuka, taratibu, na haruhusu mtu mwingine aiguse. Mlingoti hatuna, tunaifunga kwenye mpini wa fagio, naye ndiye huishika wimbo wa taifa ukiimbwa.

Mwaka huu mgeni rasmi alikuwa afisa wa ubalozi. Kaka Mkubwa alikuwa anasubiri pasipoti mpya kutoka kwake, maana ya zamani imekwisha muda, na bila hiyo huku hana kibali cha kazi wala cha kukaa. Lilibaki jambo dogo tu: ndugu aliyeko nyumbani aitwe ofisi ya uhamiaji, aulizwe kama anamfahamu. Alitaja jina lako kabla hawajamaliza kumuuliza.

Afisa alimkuta ameshashika fagio lake. Hakumvuta pembeni. Alimwambia palepale, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba ndugu yake amehojiwa na amesema hamfahamu mtu huyo, hajawahi kumwona. Kwa hiyo si raia, na bendera ya taifa haishikwi na asiye raia. Mwenyekiti akaipokea mbiombio. Ukumbi mzima wa raia wa nchi nyingine ukaweka mikono vifuani, na mtu pekee aliyekuwa wa kwetu akabaki mikono mitupu. Mpishi alicheka. Nadhani hakukusudia, ila alicheka, na wengine wakamfuata.

Kaka Mkubwa akaingia jikoni kuosha vyombo. Tulipoanza kuimba, naye aliimba kutoka kule, mikono ndani ya povu, sauti yake ikatupita sote. Ubeti wa kwanza ulipokwisha tukanyamaza mmoja mmoja, maana wa pili hakuna aliyeukumbuka. Aliumaliza peke yake. Afisa alisimama wima, hajui atazame wapi.

Tangu hapo nauwaza huu uzalendo, mimi niliyeapa kwa nchi ya watu. Nimeona kuipenda nchi ni kazi nyepesi sana. Nchi haitarudi na begi mlangoni kuulizia chumba chake. Ndugu ndiye mzigo, hasa yule aliyejenga nyumba unayolala.

Jana msimamizi alimwambia asirudi kazini. Sasa amekaa hapa kitandani kwangu, anakunja foronya zangu, anazikunjua, anazikunja tena. Nimemwambia ukweli wako wote, kwa maneno ambayo wifi asiyasome. Hakubali. Anakutetea, Kaka. Anasema tangu utotoni ukisimama mbele ya wakubwa ulimi wako hukauka, na kwamba kwenye gwaride la shule yeye ndiye alisimama nyuma yako akikunong'onezea ubeti wa pili ili mwalimu asikuchape. Anasema labda pale ofisini walikuuliza kwa ukali, ukababaika, na nyuma yako hapakuwa na mtu.

Ubalozi unasema ofisini watakuita kwa mara ya mwisho mwishoni mwa mwezi huu. Ameniomba nikuandikie kwamba hana kinyongo, na ukiulizwa tena usiogope, vuta pumzi kwanza. Nimeandika kama alivyosema. Mimi ninacho kinyongo, cha kututosha wote wawili.

Nisalimie mama mdogo na yule binamu fundi viatu. Wanangu wabusu. Mungu akupe usingizi mzuri chini ya paa lile, na siku utakayosimama mbele Yake akupe mtu wa kukunong'onezea.

Ni mimi dada yako akupendaye, iwapo nami utaulizwa kama unanifahamu.