Ukuta Tulioujenga Ili Tusiuone Mto

Mama Njeri, rafiki yangu,

Sikuulizi hali, kwa maana yako naijua: nilikuwa miongoni mwa waliokuzika, nami nilirusha udongo wangu kama wengine. Hali inayopaswa kuelezwa ni yetu. Barua hii naiandika kwenye meza ile niliyozoea kusahihishia madaftari huku wewe ukinipima mabega ya shati, na Jumamosi nitaisoma kwa sauti ukingoni mwa mto, mbele ya mtaa mzima. Wameniomba nihutubu. Wamesema, "Mwalimu, wewe ndiwe mwenye maneno." Ni kweli, maneno ninayo. Maneno hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Jumamosi kuna sherehe. Ukuta haupo tena. Pale uliposimama pana njia ya kokoto, na kando yake miche ya mianzi, mmoja kwa kila nyumba. Bwana Mutiso, ambaye bado ni mwenyekiti wa kamati yetu ya wakazi, ameleta jiwe la kumbukumbu lililosuguliwa likang'aa kama sakafu ya hospitali. Nimepewa kazi ya kuyatazama maandishi yatakayochongwa juu yake. Yanasema hivi: "Kwa kumbukumbu ya Mama Njeri, aliyeulinda mto huu pamoja na wakazi wa mtaa wake." Nilitakiwa nisahihishe Kiswahili tu. Nimekipitia. Kiswahili ni safi. Uchafu uko kwingine.

Pamoja na wakazi! Niliposoma maneno hayo, Mama Njeri, mate yalinijaa kinywani kama mtu aliyekanyaga kitu akiwa miguu mitupu. Nikaiweka karatasi chini, nikanawa mikono. Sijui kwa nini nilinawa mikono.

Unakumbuka tulivyoanza. Tulihamia juma moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na masanduku yangu ya vitabu, wewe na cherehani yako iliyobebwa kwa mkokoteni kutoka soko la Gikomba. Nyumba zilikuwa mpya, zimepakwa chokaa, na harufu ya saruji ilikuwa bado haijatoka. Tuliona fahari hata kutamka jina la mtaa wetu kwa kondakta wa basi pale Jogoo Road. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na mto. Sisemi ulikuwa maji ya kunywa, la. Lakini ulikuwa na vyura, na mafunjo, na majani ambayo akina mama walianikia mashuka. Watoto wa Kikuyu, wa Kikamba, wa Kijaluo, na watoto wa Mama Zuhura waliokuwa wakitoka madrasa, wote walirudi nyumbani na tope la rangi moja.

Wewe ndiwe uliyeugawa ukingo. Ulipima kwa utepe wako wa fundi, ule wa manjano, ukampa kila mwenye nyumba kipande chake cha kufyeka: kutoka jiwe hili hadi kichaka kile. Kila Jumamosi asubuhi ulipita milangoni ukigonga kwa mpini wa fyekeo. Kwangu ulikuwa na hodi yako: "Mwalimu, weka chaki chini! Nyasi hazisomi!" Mama Zuhura naye angejibu kutoka jikoni kwake, "Na mimi niweke nini chini, na chapati zangu ziko motoni?" Nawe ungesema, "Wewe zilete." Tulifyeka, tukala, tukasengenyana kidogo. Hakuna aliyetulazimisha. Nilidhani hiyo ndiyo tabia yetu. Kumbe ilikuwa tabia yako, sisi tuliazima tu.

Kisha mambo yakaanza kuoza, nami nataka niseme kwa uangalifu yalivyooza, kwa sababu watu wa kamati wana hadithi yao wanayoipenda. Husema ni viwanda. Viwanda ni kweli. Maji yalikuja Jumatatu yakiwa mekundu, Alhamisi yakiwa ya buluu, na povu juu yake kama la birika la maziwa lililofurika. Husema ni lori la taka lililoacha kuja. Hilo pia ni kweli. Lakini kiwanda hakina mikono ya kubeba karai la maganda, wala lori lisilokuja halimwagi chochote mahali popote. Sisi tulimwaga. Mafyekeo yakapata kutu. Jumamosi ulipogonga, mmoja aliumwa mgongo, mwingine alikuwa na wageni, mwingine alikaa kimya ndani hadi hatua zako zikaishia mbali. Mimi ndimi niliyekaa kimya ndani.

Harufu ilipozidi, Bwana Mutiso akaleta wazo la ukuta. Ukuta mrefu wa mawe ya kuchonga, mwanzo wa mtaa hadi mwisho, kati yetu na mto. Nikaombwa niandike waraka wa kuwashawishi wakazi. Niliuandika usiku na mchana wa siku mbili, na nilijivunia kila sentensi. Niliandika juu ya heshima, na usalama wa watoto, na haki ya mfanyakazi kupumua hewa njema. Watu waliusikiliza mkutanoni wakapiga makofi. Ni wewe tu uliyekataa kutia sahihi. Ulisimama na sindano ikiwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lako, ukasema, "Mwalimu, hiyo ni kugeuza kola bila kufua."

Walio wachanga hapa hawajui maana yake, kwa hiyo wataniwia radhi nikiwaeleza. Kola ya shati ikichakaa na kubadilika rangi shingoni, fundi huifumua, akaigeuza, akaishona tena, upande mzuri ukawa nje. Mama Njeri aliishi kwa kazi hiyo. Nusu ya walimu wa Makadara walivaa kola zilizogeuzwa na mkono wake. Na sharti lake lilikuwa moja: shati lifuliwe kwanza, la sivyo jasho la zamani hubaki ndani ya mshono, likakuozea shingoni huku watu wakikusifu kwa weupe. Watu walicheka mkutanoni. Bwana Mutiso akasema, "Mama, hapa tunazungumzia mtaa, si mashati." Nami nilicheka. Kicheko changu nakisikia hadi leo.

Ukuta ukasimama. Nao ulikuwa mzuri, tukaupaka rangi ya maziwa. Kwa miezi michache hatukuuona mto. Halafu, Mama Njeri, nyumba ya kwanza ikatoboa.

Sijui ilikuwa ya nani. Jiwe moja tu lililegezwa chini, kimo cha goti, mahali pasipoonekana kutoka uani kwa jirani. Humo ndimo majivu yalimopita, na maganda ya viazi, na matumbo ya kuku. Tundu likafunikwa kwa kipande cha bati. Mwezi uliofuata kulikuwa na vipande vya bati nyuma ya kila nyumba, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulitembeleana, tukanywa chai, macho yetu yakaliruka lile bati kama vile wageni wanavyoruka nguo za ndani kwenye kamba. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wetu: kila mtu na tundu lake, na heshima ya kutoona.

La kwangu nililitoboa Jumapili, saa ya ibada. Nilisema kichwa kinaniuma. Nilipowasikia wakiimba kanisani nikachukua patasi na nyundo, nikapiga kwa mapigo ya wimbo ili nisisikike. Mimi, niliyeandika waraka. Nikalitoa jiwe zima, nikaliweka chini ya karo la kuoshea vyombo, na mchana huo huo nikasukuma nje ndoo ya kwanza. Ilikuwa na nini sitasema mbele ya watoto. Nilisikia ikianguka upande wa pili, na nilichohisi ni raha. Raha, Mama Njeri! Hicho ndicho ninachokichukia kuliko yote.

Nyumba yako ndiyo pekee iliyobaki na ukuta mzima. Taka zako ulizibeba kwa gunia hadi jalala la kule barabarani, mwendo mrefu, ukipita mbele ya milango yetu. Tulikuita nani? "Askari wa mto." Vijana wa kibarazani walikusalimu kwa utani wa mtaani, "Niaje, mathe, leo umebeba nini, mtumba?" Nawe ukawajibu, "Nimebeba aibu ya mama yako, kijana. Nisaidie." Mmoja alikusaidia siku moja. Sisi watu wazima tulifunga mapazia.

Kisha ikaja ile mvua ya masika. Mto ulipanda, na nyuma ya ukuta kulikuwa na lundo letu la miaka, refu kama ukuta wenyewe. Maji yalipokosa pa kwenda yalitafuta matundu. Yalikuwa yamengoja, tayari, moja kwa kila nyumba. Mabati yaling'oka, na kila kitu tulichokisukuma nje kikarudi ndani kwa mlango ule ule tuliokitolea. Kila mtu alipelekewa vyake. Nilisimama juu ya kitanda nikayaona madaftari ya darasa langu yakielea katikati ya vitu ninavyovijua. Na maji hayakuweza kutoka, kwa sababu ukuta uliotukinga na mto sasa uliutunza ndani kama sufuria.

Nyumba yako ilipata maji kidogo. Ungeweza kukaa humo. Badala yake uliingia ndani ya tope lile hadi kiunoni, ukazibua mtaro kwa mikono kwa siku tatu, ukitoa uchafu ambao hata chembe moja haikuwa yako. Nilikushikia ndoo kwa muda. Ulinitazama, ukaliona tundu langu limeachama ukutani, ukaniangalia tena. Laiti ungenitukana. Ulisema tu, "Mwalimu, shika vizuri, inamwagika."

Juma la tatu ukashikwa na homa ya matumbo. Hukutoka hospitalini ukiwa hai.

Na mazishini nikahutubu. Nilisema ulikuwa taa ya mtaa. Nilisema mauti hayana huruma, kana kwamba ni mauti yaliyomwaga ndoo zile. Watu walilia, wakanishika mkono, wakasema nimesema vyema. Sikusema juu ya tundu. Hakuna aliyesema. Tulikufunika kwa maua na kwa maneno, nasi tukarudi kutafuta mawe ya kuzibia.

Ukweli ni kwamba mwanao Njeri ndiye aliyetuokoa na sisi wenyewe, kama jambo hili linaweza kuitwa kuokoka. Baada ya arubaini yako alitoka na nyundo, akaanza kuubomoa ukuta nyuma ya nyumba yenu, ile sehemu nzima kuliko zote. Hakuhutubu. Wale vijana wa kibarazani wakamfuata, kisha Mama Zuhura, kisha sisi wengine, kwa sababu ukuta uliobomoka nusu uliyaonyesha matundu yetu kwa kila mpita njia. Sikuzote tunafanya jema tunapokuwa hatuna pa kujificha. Zimepita Jumamosi nyingi za kuchota, kubeba na kuchoma. Sasa ukingo ni safi. Watu wanapaka nyumba zao rangi, na waliohama wanauliza kama kuna chumba. Mto wenyewe bado haufai kusuuza hata kiatu, na Alhamisi bado ni wa buluu, lakini vyura wawili watatu wamerudi. Niliwasikia juzi, nikafikiri ni koo langu.

Nami ningelikaa kimya na kusahihisha Kiswahili chao, lau Njeri hangekuja jana. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa pamoja na wakazi. Mama alikuwa pamoja na nani?" Akasema, "Aliniambia nyumba yetu ndiyo pekee isiyo na tundu. Nilidhani anajisifu tu." Kisha akaondoka bila kunywa chai, nami nikafahamu kwamba nikiiacha sentensi ile ichongwe, mwanao atapita mbele yake kila siku ya maisha yake akijua kwamba mama yake ameitwa shahidi wa uongo wetu.

Nilimwendea Bwana Mutiso. Akaniambia, "Mwalimu, usituharibie siku. Marehemu hasemi, na walio hai wanataka kupiga makofi." Ni mtu mwema, Bwana Mutiso, na tundu lake lilikuwa pana kuliko langu kwa sababu ana watoto saba. Ninapoyasoma haya najua ananisikiliza, hapo kwenye kiti cha mbele. Bwana Mwenyekiti, kaa, usiondoke. Mimi ndimi niliyeanza kwa kujitaja.

Kwa hiyo, Mama Njeri, jiwe lile linalong'aa halitachongwa kwa Kiswahili changu, na kamati ikitaka kulichonga itafute mwalimu mwingine. Jiwe la kufaa ninalo. Lilikaa chini ya karo langu miaka yote hii. Hata gharika haikulichukua. Nimelisugua kwa brashi, na upande mmoja nimeandika kwa rangi nambari ya nyumba yangu. Nikimaliza kusoma nitalitoa kwenye gunia hili lililo miguuni pangu, nilitue mwanzoni mwa njia, watu wote waone ukubwa wake. Mwingine akitaka kulileta lake, kuna nafasi. Asipotaka, litakaa peke yake, nalo litatosha kuwaeleza wajukuu jinsi mto huu ulivyokufa. Jina lako halitawekwa juu ya jiwe lolote letu. Litabaki kwa Njeri, safi.

Lala, rafiki yangu. Kola yangu imefumuliwa, na safari hii nimefua kwanza. Kipande chako cha ukingo, kutoka kwenye mkuyu hadi kwenye kidaraja, nitakifyeka mimi kila Jumamosi, pamoja na changu, maadamu mgongo unanibeba. Fyekeo lako Njeri amenipa. Mpini wake una alama ya kiganja chako, na kiganja changu hakijaizoea bado.

Kwaheri, Mama Njeri. Nimeweka chaki chini.

Mwalimu, jirani yako