Mgonjwa Aliyeomba Kukiona Kipande Chake

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Mimi mwili unajikongoja. La roho nitakueleza, nivumilie.

Nimesikia kwamba unakuja kunipeleka kwa yule daktari wako wa wasioshika mimba, na safari hii hutaki visingizio. Mama mkwe kafurahi kupita kiasi. Kila asubuhi hunitazama tumbo kwanza, ndipo anitazame uso. Mume wangu naye ananisihi ninyamaze, eti mama yake ana presha. Maji yamenifika shingoni, mama, na nyumba yenyewe haina hata pembe ya kulilia.

Kazini ni kulekule maabara ya hospitali, chumba kisicho na dirisha. Wanawake wakipasuliwa, wanaokubali hutuachia kipande cha msuli wa mji wa mimba. Tunakitundika kwa uzi kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, tunadondoshea homoni ya uchungu wa kuzaa, mashine inachora kikijikunja. Mkuu wetu, tunayemwita Miwani, husema seli za msuli huo zina vipokezi vya kuinasa homoni. Mimba ikikomaa vinakuwa tele. Kwa asiyewahi kubeba mimba ni haba, msuli unakuwa mzito kuitika.

Majuzi mgonjwa mmoja aliomba kukiona kipande chake. Ombi gani hilo! Nesi akamleta kwa kiti cha magurudumu, Miwani akawatoa wengine wakanywe chai. Alimwonya asitarajie makubwa, maana hajawahi kubeba. Akadondosha homoni. Kipande hakikutikisika. Halafu kikajikunja kidogo, kikalegea, kikajikunja tena. Mgonjwa akalia kwa kutikisika mpaka nesi akafunga breki za kiti.

Nilitaka kukuandikia kama habari za mtu mwingine, nimeshindwa. Mgonjwa huyo ni mimi. Ile semina niliyokuambia naenda haikuwapo, nilikuwa wodini. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa uvimbe tumboni, ukanimaliza damu. Daktari aliniambia, "Tuutoe mji wa mimba, au tukupoteze." Nikasema watoe. Sitazaa, mama. Msuli wangu ulikuwa tayari kuitika, na nina uchungu sana.

Nisalimie baba mdogo na majirani.

Mama mkwe kasimama mlangoni, anauliza kama nakuandikia uharakishe kuja. Nimemjibu ndiyo.

Mwanao wa pekee