Nyasi Zangu, Udongo Wako

Dada yangu uliye Dar, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne. Nikiandika Kiswahili naona aibu, nikiandika Kiingereza naona kama najibu mtihani. Unanijua nilivyo, hata katekista akiniuliza jina naangalia viatu.

Unakumbuka likizo ile ulipokuja na makaratasi yako ya sheria ya mali? Ulisomea shambani, kule mteremkoni. Mimi nilishika kazi ya marehemu baba, kufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Wewe na mama mlifuata na majembe, mkizifunika udongo mpaka linabaki shimo katikati, na ngolo imekamilika. Ukanifanya mwalimu wako. Nikasoma swali kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu: mmoja ameandaa ardhi, mwingine ameilima, mwenye mali ni nani?

"Jibu wewe kwanza, profesa," ukasema.

Nikasema, "Ngolo haina mwenyewe mmoja. Nyasi bila udongo zinaoza tu. Udongo bila nyasi unakwenda na mvua."

Mama akacheka. "Huyu ndiye aende Dar, wewe ubaki na jembe." Nawe ukaliandika jibu langu pembeni ya daftari.

Sikujua utakwenda kulitumia kujibu mtihani. Uliporudi safari ya pili niliiona karatasi kwenye sanduku lako. Nisamehe, nilifungua bila ruhusa. Mhadhiri ameandika kwa wino mwekundu: "Hadithi nzuri. Sheria iko wapi?" Kumbe una sapu, urudie mtihani kwa sababu ya jibu la mdogo wako, na hukunisema kwa yeyote. Pale Kitai ulipanda basi ukapunga mkono tu. Tangu siku ile huandiki.

Sasa sikia kilichotokea. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuleta magari yao huku kufuata kahawa, baba mdogo anautaka mteremko ule apande miche. Ukoo ukakaa. Akasema, "Marehemu kaka ndiye aliyefyeka. Shemeji alifunika udongo tu."

Babu akanigeukia. "Wewe unayesoma, unasemaje?"

Nikasimama mikono nyuma kama niko darasani. Nikatoa jibu lile lile la ngolo, neno kwa neno. Kisha shangazi akamwambia baba mdogo, "Haya mdogo wangu, kachukue nyasi za kaka, udongo uache." Wakacheka mpaka mwenyewe akacheka. Babu akaamua shamba libaki kwa mama.

Hapo ndipo nimechanganyikiwa, dada. Jibu moja, huku limemwokoa mama, huko limekuangusha wewe. Nikifurahi naona kama nakusaliti. Nikisema nilikosea, mama je? Labda mhadhiri ana haki, maana sikutaja kifungu hata kimoja. Labda na babu ana haki. Sijui wote wawili wanawezaje kuwa nayo, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Kwenye sapu waandikie wanachotaka, mimi usinitaje. Ukifaulu njoo, ukishindwa njoo. Nimelaza nyasi mstari mzima upande wako. Mama alitaka kuzifunika, nimemkatalia, zinakungoja wewe. Mvua bado hazijakata.

Mdogo wako,
mwalimu aliyekuangusha.